Nilibadilisha Majina ya Watu, Nikamsahau Ng'ombe

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Jumapili, maana Jumapili ndiyo siku ambayo mume wangu amenipa niwe nimechagua kati ya daftari langu na amani ya nyumba hii. Mimi nina miaka thelathini na moja, nimeolewa hapa Lalago, tunalima pamba na tunafuga, na tangu shule ya msingi ugonjwa wangu ni kusoma, hata gazeti lililofungiwa vitumbua nalinyoosha nilimalize kwanza ndipo nile, na miaka mitatu iliyopita nikaanza kuandika hadithi zangu mwenyewe kwenye kaunta buku, asubuhi watoto wakishaenda shule, na raha yake sijui nikuelezeje, mtu uliyemtunga wewe mwenyewe akianza kusema maneno ambayo hukumpangia unajikuta unacheka peke yako jikoni mpaka maharage yanaungua.

Msimu huu tulikuwa kwenye foleni ya kupima pamba ghalani, mpimaji amechelewa, watu wamekaa juu ya mafurushi yao wamechoka, jirani yangu Specioza akanichokoza nisome kitu, na mimi kwa kupenda sifa nikasoma. Ilikuwa hadithi ya mzee mmoja mkali ambaye hakulia hata kwenye msiba wa kaka yake, lakini siku ya mahari ya mwanawe akamtoa ng'ombe aliyempenda kuliko wote, akamsindikiza njia nzima mpaka kwa wakwe, na wakati wa kurudi akaingia kichakani akalia. Hapo nikatia na chumvi, kwamba kabla ya kuagana alimkumbatia shingo akapenga kamasi kwenye sikio lake, halafu akamwomba radhi. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, nami nikajiona nimefika. Aliyekuwa hacheki ni mzee Januarius, alikuwa anafikiri, akaniuliza taratibu, "Mweusi, paji jeupe, pembe ya kushoto imeinamia jicho, sikio limechanika. Huyo si ng'ombe wa Kwandu?"

Mshauri, nilitamani ardhi ipasuke. Mzee Kwandu ndiye baba mkwe wangu, na ng'ombe huyo alitolewa mahari yangu mimi, nimemwona miaka kwa baba yangu kule Mwanhuzi, na habari ya kichaka alinisimulia mama mkwe siku moja tukipalilia, akaniambia iishie palepale shambani. Nilibadilisha jina la mzee, nikabadilisha kijiji, hata idadi ya watoto, ila ng'ombe nikamwacha vilevile alivyo, na sisi huku mtu anaweza kukusahau sura lakini pembe ya ng'ombe haisahau.

Sasa kila wakipeleka mifugo kwenye josho watani wa baba mkwe wanamuuliza kama amebeba leso, naye amekuwa haji tena kula kwetu, salamu yangu anaipokea akitazama pembeni, mama mkwe hanigombezi lakini hanitumi kitu, na mume wangu Danford anasema daftari hilo liwashe jiko. Wakati huohuo mwalimu Flora, mwenye klabu ya wasomaji Bariadi mjini, anataka kuichapa hadithi hiyohiyo kwenye kijitabu chao na anasubiri jibu. Kwenda mwenyewe kumwomba mzee radhi siwezi, kwetu mkamwana hamkabili baba mkwe kwa jambo kama hilo. Neno pekee alilolisema mpaka leo nililetewa juzi na mama mkwe, kwamba sikio lililochanika ni la kulia, mimi nimeandika la kushoto, basi unaona hata hilo nimekosea. Nilichome, au niandike kwa kujificha? Nimeacha hata kusoma, mshauri, kitabu nikikifungua naona aibu.

Minza, Lalago

*

Minza mwanangu, weka kiberiti chini kwanza, halafu tuzungumze.

Umekosa, na sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Ila unajilaumu kwa ajili ya pembe, na pembe ni kosa dogo, ningelicheka hata mimi niliyekulia zizini. Kosa la kwanza umemkosea mama mkwe wako. Alikuamini mkiwa na majembe mkononi, ukaipeleka siri yake ghalani kwa ajili ya makofi. Kosa la pili ni kamasi. Yule mzee alikuwa na kitu kimoja anachokipenda, akakitoa ili mwanawe akuoe wewe. Wewe, Minza. Ulipofika kwenye machozi yake uliogopa kukaa nayo, ukakimbilia kuchekesha. Waandishi wengi wanakimbilia hapo, na mimi nimewahi kukimbilia, kwa sababu watu wakicheka unajua wamekusikia, lakini wakinyamaza hujui kitu. Nimeumia kwa ajili ya mzee huyo, nakwambia kweli.

Sasa simama ufanye kazi. Leo hii nenda kwa mama mkwe, piga magoti, sema nilivunja neno lako, na usiongeze "lakini". Akikunyamazia, chukua ndoo ukachote maji, kesho urudi tena.

Kisha fungua daftari uandike upya ile sehemu ya kuagana. Kamasi litoke. Mwache mzee kichakani alie mpaka amalize, wala usimharakishe. Itakuwa ngumu kuliko yote uliyowahi kuandika, na utaipenda.

Na wewe Danford, najua utausoma ukurasa huu kabla ya mkeo. Hivi hiyo hadithi unayotaka kuichoma umeisoma, au umesikia tu ya foleni? Isome. Ukishamaliza, mpelekee baba yako ukamsomee kwa sauti, mkiwa wawili. Mkeo mila inamzuia, wewe hakuna kinachokuzuia. Mwambie inaombewa ruhusa yake, na bila ruhusa hiyo haitachapwa popote. Mwalimu Flora asubiri, kijitabu hakiozi. Mzee akikataa, hadithi hiyo itabaki kwenye kaunta buku na Minza ataandika nyingine, maana kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Daftari halichomwi. Kuandika kwa kujificha nako sitaki kusikia, hujaiba kitu cha mtu.

Nina sababu ya kukuambia haya kwa moyo mkunjufu, Minza, nayo umeniandikia mwenyewe bila kuiona. Baba mkwe wako angeweza kutuma neno kwamba hadithi ifutwe. Angeweza kusema umemdhalilisha, na angekuwa na haki. Katika wiki zote hizi amesema neno moja tu, nalo ni sikio la kulia. Mtu anayetaka daftari lichomwe hasahihishi sikio. Huyo anataka ng'ombe wake aandikwe sawasawa.

Kwa hiyo rekebisha sikio kabla hujarekebisha kitu kingine chochote. Danford akishamaliza kusoma, amuulize baba yake swali moja, kwamba lilichanikaje. Wewe kaa jikoni kwa mama mkwe, mlango wazi, kalamu mkononi, wala usiingilie. Mzee atasema kwa sauti, kwa sababu atajua unasikia.