Mtoto Aliyekaa Upande

Sepuka,
14 Juni

Dada yangu Evodia,

Shikamoo dada. Habari za Rungwa, na shemeji anaendeleaje na kifua chake? Sisi huku tunaamka salama, alizeti tumeshavuna. Nimeandika kwa sababu najua ukiona namba yangu hupokei, nami sikulaumu.

Unakumbuka mwanangu Agripina alipotoka kwako likizo ya Desemba. Wiki ile ile nilimwona anakaa vibaya. Akikaa kwenye kigoda kuchambua maharage, mwili unalalia kushoto na mkono unashika chini asianguke. Kanisani aliniegemea misa nzima. Baba yake, Damiani, akimpakia kwenye baiskeli alilalamika kwamba mtoto anaivuta upande mmoja. Siku moja akibadili nguo nikaona bega limepanda na mbavu za mgongoni zimetokeza.

Moyo wangu ukaja kwako moja kwa moja. Nikasema huyu alibebeshwa mizinga yenu ya nyuki, au aliangushwa, na wanaficha. Nilipomuuliza alijibu, "Mama mkubwa hajanifanya kitu," nami nikaona amefundishwa kusema. Ulipopiga simu kuulizia mgongo wake nikajiambia: amejuaje, kama si yeye? Hata asali uliyotuma niliwapa majirani, sikuionja.

Kisha kikao cha kwa kaka Emilian, pale Mkiwa. Mtoto alisema mbele ya ukoo kwamba ulimsukuma akaangukia kinu. Uliondoka bila kuaga.

Wiki iliyopita tulimpeleka hospitali mjini, wakampiga picha. Daktari, mama mmoja mpole, alituonyesha uti wa mgongo ulivyojipinda kama nyoka. Akasema kwa watoto wengi wa umri wake chanzo hakijulikani. Si kuanguka, si mzigo. Nyonga imeinuka upande mmoja, uzito wote unaangukia tako la kushoto, ndiyo maana mwili unahangaika usianguke. Akauliza nani aliona kwanza. Agripina akasema ni mama mkubwa, alipokuwa anampima gauni na upindo ukakataa kulingana. Ulimwambia aniambie, akaogopa. Ndipo ukapiga simu.

Dada, lililobaki ni zito. Mtoto hakutunga uongo ule. Asubuhi ya kikao nilimchapa fimbo, juu ya mgongo ule ule, mpaka akakubali kusema nilivyotaka. Habari ya kinu niliitunga mimi. Damiani hajui bado. Jumapili nitawaambia wote, yeye na kaka Emilian na wale wale waliokaa kikao.

Wanamtengenezea vazi gumu la kuushikilia mgongo usizidi kupinda. Anaomba aje kwako likizo hii. Sina uso wa kukuomba, lakini ukimkubali nitamleta mwenyewe. Ukitaka niishie mlangoni, nitaishia hapo. Na akikaa ameinama, usimwambie anyooke. Mimi nilimwambia hivyo miezi yote hii, kumbe alikuwa ameshanyooka kadiri awezavyo.

Nisalimie shemeji na watoto. Ukishindwa kunijibu mimi, mjibu Agripina.

Ni mimi mdogo wako,
Yasinta