Salle ya Maître Qiao

Jumanne, tarehe 4 Novemba
Maître Qiao ameanguka katikati ya darasa la kung-fu! Alikuwa anatuonyesha namna ya kugeuza kiuno — mudomo ukapinda, akaenda chini. Mimi njo nilishika kichwa chake mpaka ambulance ikafika. Docteur anasema damu imeziba kwenye ubongo.
Muzee wa watu. Alifika Brussels kijana, akaosha masahani katika restaurant, akafundisha kung-fu kwenye cour, kiwanja kidogo nyuma ya jikoni, mpaka akapata salle yake ya mazoezi karibu na Chaussée d'Ixelles. Trente-huit ans, miaka thelathini na nane! Nusu ya wanafunzi ni watu wetu wa Congo.

Alhamisi, tarehe 6
Hôpital. Anaongea kwa shida. Akasema mbele ya wote: salle ni ya Mignonne.
Mimi!
Arnaud alikuwa pale — wa Lubumbashi, mwanafunzi wake wa kwanza, mabega kama kabati. Aliniangalia tu.

Ijumaa, tarehe 7
Arnaud amenikuta kwenye métro Schuman, nikitoka kazini.
"Bon, Mignonne, sina chuki na weye. Lakini Maître mwenyewe alipata jina la maître kwao kwa kupigana. Donc, tupigane samedi ya wiki ijayo, mbele ya wote. Ukinishinda, nitakuinamia."
Nikajibu ndiyo. Kwa nini nilijibu ndiyo? Kwenye ngazi za métro nikashika ukuta.
Nilikwenda kwa Maître sababu ya wale watu wa silaha walioingia nyumbani kwetu Bukavu. Tangu pale, muntu akitembea nyuma yangu, pumzi inakatika. Maître hakuuliza kitu. Mwaka muzima alinifundisha kusimama tu.

Jumapili, tarehe 9
Yaya Claudine, dada yangu mukubwa, amekuja kwangu Etterbeek na sombe, majani ya muhogo, akanigombeza. Uko na watoto, atakuvunja, waachie akina Arnaud salle yao! Nilikubali kwa kichwa. Sombe sikuimeza.

Jumatano, tarehe 12
Nimemwambia Maître: naogopa.
Akacheka na upande mumoja wa mudomo. Eti yeye, kabla ya kila pambano, alitapika. Kila pambano! Mara moja alikimbia kabisa, akajificha kwa shangazi yake, akala maandazi mpaka watu wakarudi kwao.
Nikamuuliza: ulifanya nini ili woga uishe?
Haukuisha, akasema. Akafunga macho.
Nilikuja kutafuta dawa. Ile tu njo alinipa.

Jumamosi, tarehe 15
Salle imejaa. Naandika ndani ya vestiaire, chumba cha kubadilisha nguo, mulango nimefunga.
Simu ya infirmière wa hôpital, sasa hivi. Maître amefariki asubuhi hii.
Kule nje hakuna anayejua. Nasikia wanavuta viti, wanacheka. Nikiwaambia, leo hakuna pambano. Na Mungu wangu — kitu cha kwanza nilichosikia ndani yangu ni furaha. Nimeokoka! Kisha tu machozi.
Nikinyamaza, napigana na muntu asiyejua amefiwa. Nikisema, watasema Mignonne alijificha nyuma ya maiti. Miaka yote watasema.
Arnaud anagonga.
"Mignonne? Watu wanangoja."
Anabaki pale. Nasikia pumzi yake. Kisha polepole, mudomo karibu na mbao ya mulango:
"Umempigia Maître leo? Mimi nimepiga tangu asubuhi... hashiki simu."
Sauti ndogo. Sijapata kuisikia kwa huyu muntu.
Nimesimama. Ufunguo uko mukononi: namfungulia, yeye njo atajua wa kwanza —