Mvua za Jumamosi, 1984

Kanana, uko?

Ile grafu ya mvua ya Isiolo, niliyoiandikia programu. Mwaka wa 1984, ukame ule uliomaliza ng'ombe, inaonyesha mvua kila Jumamosi! Leo nikauliza mkutanoni, mbele ya wazee wa huko, nikicheka, "Nani alikuwa anatunga hizi namba?"

Mmoja wao, Mzee Dullo, akasimama. Kumbe miaka ile yeye ndiye alikuwa akisoma kipimo cha mvua.

"Sikutunga. Kila Ijumaa nilimwaga humo maji yaliyobaki ya udhu, nikiomba mvua. Kesho yake niliandika nilichokuta."

Nikicheka, Kanana. NIKICHEKA!

Sasa bosi anataka nizifute hizo Jumamosi zote. Na mzee, pale mlangoni, ameniuliza pole pole: "Hiyo mashine yako iliona maji tu?"