Jina Nililolifuta kwa Tupa

Jumapili, jioni. Mvua imekatika tangu mchana lakini migomba bado inadondosha maji. Wa nyumbani wote wametoka kukimbizana na senene, nimebaki peke yangu, na nashukuru, maana leo sitaki kutazamwa na mtu.

Naona aibu. Niandike hivyo hivyo, bila kuzungukazunguka.

Alhamisi kaka yangu Protazi alitoka kwake Ihanda kwa baiskeli, akaja hapa Ihembe na ule upanga wa Kijapani aliorudi nao kutoka vitani Burma. Watu humsifu kwa upanga huo kila penye harusi. Mimi ndugu yake najua alivyoupata. Alimuua mwenye nao, kijana tu, wakiwa karibu hata akasikia pumzi zake, na tangu arudi yule kijana hajamwacha. Protazi hagusi rubisi, pombe yetu ya ndizi, lakini usiku anapiga mayowe mpaka mkewe anahamia jikoni na watoto.

Anataka jina. Haja yake yote ni hiyo. Ajue alikuwa nani, amwombee misa kwa jina lake, na ikiwezekana upanga urudi kwao.

Padri wa misheni ndiye aliyempa matumaini. Alimwambia mafundi wa Japani huandika jina lao na mji wao kwenye msuka, ile sehemu ya chuma inayofichwa ndani ya mpini. Atabandika karatasi, asugue mkaa juu yake mpaka alama zitokee, kisha aitume kwa mapadri wenzake walioko huko.

"Wewe ukiuona mkuki wako, hata miaka ikipita, si unakumbuka ulimfulia nani?" Protazi aliniuliza. Nikasema nakumbuka. "Basi na mhunzi wao atakumbuka."

Kazi yangu ilikuwa kutoa mpini tu. Tu! Kigingi cha mwanzi kilichoushika kilikuwa kimekaukia mahali pake, nikakigonga taratibu kikatoka, mpini ukachomoka. Na alama zilikuwepo. Mstari mmoja, kutoka juu kwenda chini, umechongwa na mkono usiotetemeka. Nilizipenda. Mimi si mtu wa kusifia kazi ya mhunzi mwingine, mke wangu ni shahidi.

Lakini msuka ulikuwa mweusi kwa kutu. Kwetu, ukoo wa wahunzi, chuma hakitoki mikononi mwako kikiwa na kutu. Mwenyewe ataona umemdharau, na hapa alikuwa anakuja Padri mzima! Nikachukua mchanga na majivu. Kutu haikutoka. Nikachukua tupa. Nilijiambia kutu ikiondoka alama zitasomeka vizuri zaidi. Kumbe zilikuwa za juu juu, zimebaki ndani ya hiyo hiyo kutu. Kila nilipoona zinafifia, niliongeza kusugua ili zirudi. Mjinga mimi! Nilipoacha, msuka uling'aa kama sufuria mpya.

Hilo ni kosa, na mtu husamehewa kosa.

Aibu yenyewe ni ya leo.

Walikuja baada ya misa. "Tumsifu Yesu Kristo," Padri alisema, huku akitoa karatasi mkobani. Protazi alikuwa amenyoa, amevaa koti lake la kanisani, mikono hajui aiweke wapi. Nikampa upanga. Akaugeuza upande huu, akaugeuza upande ule.

"Ziko wapi?"

"Hakukuwa na kitu, kaka," nikasema. "Labda huu haukuandikwa."

Nilisema hivyo mbele ya Padri, na komunyo nimeipokea asubuhi hii hii.

Padri alinitazama kidogo, akarudisha karatasi yake. Protazi akapitisha kidole gumba juu ya msuka, polepole. Nikajua sasa ataniuliza kwa nini unang'aa namna hii. Hakuuliza.

"Umeusafisha vizuri, mdogo wangu. Asante."

Kisha akasema kama hauna jina basi hauna pa kurudi, na nyumbani kwake hautaki tena. Niufue upya, nitoe mihoro ya kukatia migomba. Kesho, kabla hajabadili nia. Akapanda baiskeli yake akaenda, hata maji ya kunywa hakuomba.

Upanga uko hapa mbele yangu. Nimeuinamisha mlangoni, kwenye mwanga uliobaki, na chini kabisa ya msuka nimeona mikwaruzo miwili, labda mitatu, ambayo tupa haikuifikia. Huenda karatasi ya Padri ikaipata. Huenda isitoshe kusomeka. Lakini nikiutia motoni kesho, hakuna atakayejua nilichofanya, si Padri, si Protazi. Nimelifikiria hilo kwa muda mrefu kuliko inavyofaa. Nakiri nimelipenda.

Ila usiku wa leo atakayepiga mayowe ni Protazi, siyo mimi.

Kesho siwashi moto. Nitaondoka mapema kwenda Ihanda, upanga nimeuviringisha kwenye blanketi, na nitasema nikiwa bado mlangoni, kabla shemeji hajaniletea kiti. Kaka, jina lilikuwepo. Nimelifuta mimi, nikakudanganya, na wewe ukanishukuru.