Saini Yangu Kwenye Ndege ya Tisa

São José dos Campos,
3 Juni 1998

Mama yangu mpendwa,

Nipe baraka zako. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti lile halikusumbui sana kwa baridi hii. Sisi huku hatujambo. Adalto na watoto wanakusalimu. Jibini ulilotutumia lilifika, na siku ileile likaisha.

Dada Idalina alinipigia simu juzi kwa furaha. Alisema tiketi yako ya kwenda Salvador kwenye ubatizo wa mtoto wake iko tayari, na kwamba utapanda ndege yetu, hii tunayoiunda hapa kiwandani. Nilipaswa kupiga vigelegele. Badala yake nilikaa sakafuni, simu ingali mkononi.

Unajua tulivyoihangaikia. Fedha za mradi zilipokatika, nusu ya wenzetu walipunguzwa kazi, na michoro ikabadilishwa mpaka wahandisi wenyewe wakachoka. Mtaani walitucheka: "Nyie wa ndege ya karatasi, itaruka lini?" Siku iliporuka, kiwanda kizima tulilia. Sasa mashirika yanaigombania, nasi tunakimbizwa kutwa.

Mama, kuna jambo ambalo hata mume wangu sijamwambia. Mwezi wa Machi nilipewa kukagua gurudumu la mbele la ndege ya tisa. Wenye ndege walikuwa wameshafika kuichukua. Nivaldo, fundi aliyefunga nati, akaniambia, "Saini, dada, mimi nafunga nati tangu wewe unanyonya." Wote wakacheka, nami nikacheka. Nikasaini. Sikuinama kutazama.

Tangu hapo, ndege ikipita juu ya nyumba naacha ninachofanya mpaka mlio upotee. Nilijituliza kwamba Nivaldo hakosei. Lakini Idalina alipotaja jina lako, nikawaza kwamba huenda ukapanda hiyohiyo. Kisha nikaona haya: waliopanda miezi mitatu hii hawakuwa mama za watu?

Jana asubuhi nilikwenda kwa Bwana Anselmo, mkuu wetu, nikamweleza yote. Alivua miwani, akaniuliza kama najua ninachokisema. Nikamwambia najua. Akapiga simu palepale, ndege ikazuiwa Belo Horizonte abiria wakiwa wamekwisha kupanga foleni. Nilingoja kwenye benchi nje ya ofisi yake hadi alasiri. Jibu lilipokuja hakunisomea. Alinipa karatasi tu. Pini ndogo inayozuia nati isifunguke haikuwepo. Nati ilikuwa imelegea, imebakiza mizunguko miwili ianguke.

Nivaldo hanisemeshi. Mimi nimesimamishwa kazi, na Ijumaa wataamua kama nifukuzwe au nishtakiwe. Bwana Anselmo alinisindikiza hadi langoni, akasema, "Umechelewa, binti, lakini umekuja." Sijui kama alinilaumu au alinishukuru.

Ndege ile imerekebishwa, na zote nyingine zinakaguliwa upya. Ukiogopa, Mama, panda basi. Sitakuwa na neno. Ukikubali, nimemwomba Idalina anikatie tiketi ya kiti kando yako. Sijawahi kuruka hata siku moja, mimi niliyewasainia wengine waruke.

Msalimie Mjomba Tarcísio na majirani wote. Nijibu upesi, hata kama ni kwa kunigombeza.

Ni mimi mwanao,
Marlúcia