Jino Uliloliacha Kwenye Ndoo

Makere, Jumapili ya kwanza ya Mei

Mwakeye, Baba.

Leo nitakueleza yote, hata lile nililolificha tangu msiba wako.

Mama yuko Kibondo kwa dada, anamlelea mtoto. Hapa tumebaki mimi na shangazi. Jioni hakuna anayeniuliza nimefundishwa nini.

Tulipomaliza matanga nilifagia chumba chako. Chini ya kitanda nikaikuta ndoo ya maji yenye lile jino, kubwa kuliko kiatu changu. Ulikuwa umeniambia, "Maji haya usiyamwage." Nilidhani ni maneno ya homa. Nikayamwaga. Jino nikalisugua kwa jivu na kulianika juani pamoja na maharage, nikitaka liwe safi kwa ajili yako. Kufika jioni lilikuwa limepasuka vipande vitatu. Shangazi akasema, "Si mfupa tu? Mpe mbwa." Nikavificha kwenye begi la shule.

Wiki iliyopita mwalimu wa historia alitufundisha kwamba nchi za mbali wapo wapiga mbizi wanaoingia kwenye mapango yaliyojaa maji. Humo wamekuta mifupa ya wanyama waliokwisha kutoweka duniani, na mkaa wa watu walioingia kabla maji hayajapanda. Akasema mfupa uliokaa majini ukikaushwa haraka hupasuka. Wenzangu waliandika. Mimi nilishindwa.

Nilikumbuka ulivyonisimulia. Ulikuwa unachimba kisima, sululu ikatoboa mwamba, ukashuka kwa kamba ukakuta pango lenye maji, jino hili, na mkaa juu ya jiwe. Hukutaja mahali. "Watu wakisikia kuna mifupa hawatakunywa," ulisema, "na shangazi yako ndiye redio ya Makere." Tulicheka mpaka ukakohoa.

Nilimwonyesha mwalimu vipande. Hakunigombeza. Alisema huenda si mnyama wa siku hizi, na kwamba sehemu zake nyingine pengine bado ziko humo, pamoja na alama za watu waliowasha moto ule. Akaniuliza pango liko wapi. Nikamwambia hukunitajia.

Nisamehe, Baba. Upumzike salama. Naahidi sitaruhusu kitu kitolewe humo mpaka nijue kukitunza, wala sitawatisha wanaochota maji. Lakini ulichimba kuanzia hapa hadi Mabamba, na sina mwingine wa kumwuliza. Nijibu upesi utakavyoweza: ni kisima kipi?

Binti yako,
Neema