Kufuli Jekundu la Sikio

Mwaka umezunguka, mwanetu, tangu mkanda wa tanuri ukuchukue na chai ya saa nne haijapoa kwenye kikombe chako. Tunayaandika haya kwenye meza ya mama yako, palepale ulipodondosha grisi juu ya kitambaa cheupe ukasema ni ua. Tumelifua doa hilo, tumeliloweka, tumelilaani. Lipo. Limekaa na sisi kuliko wewe.

Mwisho wa maneno haya patakuwa na majina ya wanaokukumbuka, kama ilivyo ada. Kuna jina moja ambalo baba yako mdogo hataki lionekane. Tutafika huko.

Kazini walikuita Sikio, kwa sababu ulikuwa unagusisha bisibisi kwenye mashine, unaweka mpini wake sikioni, unafumba macho, kisha unasema, "Beringi ya pili hii, imeanza kununa." Mama yako alikuwa akisema kwamba sikio hilo hata nyumbani ulikuwa nalo, ila ukitumwa maji ndipo lilipoziba. Ulirudi kila jioni unanukia vanila na grisi, maana kiwanda ni cha biskuti, na mama yako hakujua akufue au akuume.

Uliingia pale kama mtia grisi. Chini ya mtia grisi hakuna mtu, kuna grisi yenyewe. Wenzako walizeekea hapohapo na kopo na brashi, kwa kuwa hakuna aliyewaambia kuna ngazi. Wewe ukauliza ngazi iko wapi. Ukaambiwa kuna mtihani wa daraja la tatu, kisha la pili, kisha la kwanza, na chuo cha kwenda ukishatoka kazini, macho yamekuvimba. Mama yako, ambaye shule yake iliishia pale penye kuhesabu na kusoma, alikuuliza, "Sasa mashine si ileile? Hayo madaraja unapanda ufike wapi?"

Ukamjibu, "Mama, nikishafika juu nitateremsha kamba."

Na kamba uliiteremsha. Kila Jumamosi, nyuma ya stoo, uliweka mota iliyokufa juu ya meza, ukawakusanya watia grisi na wafagiaji, ukawafundisha kufungua na kufunga. Ulikwenda kwa wakubwa kuwaombea wapelekwe mtihanini, ukafukuzwa, ukarudi, ukafukuzwa, ukarudi na biskuti zao wenyewe ukawakaribisha. Yule mnene aitwaye Pancha, aliyekuwa mbeba magunia ya unga, leo ni fundi wa daraja la pili, na anatembea na kalamu nyuma ya sikio ingawa hatujaona alichoandika.

Lakini mwanafunzi wako wa kwanza hukumtoa kiwandani. Alikuwa mdogo wako, kitinda mimba wetu, tangu ana pengo la meno ya mbele, anakupa spana ukiwa umelala chini ya baiskeli za majirani. Uombe ukubwa wowote, yeye alikupa kumi na tatu, ndipo likamganda jina: Kumi na Tatu. Ulimfundisha kwa cherehani ya mama yako. Mkaifumua yote, mkaifunga yote, ikabaki skrubu moja mkononi. Mkatazamana.

"Hii," ukasema, "ilikuwa ya akiba."

Mama yako anayo mpaka leo, na cherehani inashona mpaka leo. Hilo ndilo linalomtia hofu.

Ukamwingiza kiwandani awe msaidizi, msichana peke yake kati ya mafundi. Wakasema, "Sikio katuletea dada yake atupikie chai." Chai hakupika hata siku moja, na siku mashine ya kukandia ilipokwama, walimwita kwa adabu.

Sasa tuliandike lile ambalo watu wanalinong'ona wakituona njiani, ili wasichoke kuinamiana.

Kila fundi pale ana kufuli lake. Kabla hajatia mkono ndani ya mashine, anazima swichi kuu, anaifunga kwa kufuli lake mwenyewe, na ufunguo anautia mfukoni. Hakuna mwingine wa kulifungua, hata awe mkubwa wa kiwanda. Wakiingia wawili, yananing'inia mawili. Lako ulilipaka rangi ya kucha ya mkeo, nyekundu, uliyoiiba kabatini ukanuniwa wiki nzima. Kwa miaka ulipoliona jekundu lile linaning'inia kwenye swichi, ulijua mwili wako ni wako. Wasimamizi hawana makufuli, kwa kuwa wasimamizi hawatii mikono. Na desturi ya karakana ni kwamba fundi mpya hupewa kufuli jipya.

Ukapandishwa cheo kuwa msimamizi wa matengenezo wiki ileile mdogo wako alipofaulu daraja la tatu. Mzee wa stoo akamtolea kufuli jipya, bado lina mafuta ya dukani. Ukamzuia. "Liache hilo, mzee wangu. Huyu atachukua langu. Lina bahati."

"Sikio," mzee akasema, "kufuli si shati la kurithishana."

"Basi ndiyo hivyo, limerithiwa."

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Mama yako aliposimuliwa, naye akapiga makofi hapa mezani. Kumi na Tatu alilala nalo chini ya mto.

Nawe ukakaa chini ya feni, na koti lisilo na doa. Ulimwambia mkeo kuwa mikono inakuwasha. Akakwambia upake mafuta. Hakujua, na wewe hukujua, kwamba mwasho huo hauponi kwa mafuta.

Siku ile mkanda unaopeleka biskuti kwenye tanuri ulikuwa unalia. Mdogo wako akazima swichi, akaifunga kwa kufuli jekundu, akaingia upande wa mbele. Ukapita na chai yako ukielekea kikaoni.

"Umempata mgonjwa?" ukamwuliza.

"Nimempata, kaka. Nenda kwenye kikao chako, bosi mzima unanusanusa nini huku?"

Ukacheka, ukaweka kikombe kwenye kidirisha, ukaenda. Kwa alivyojua yeye, ulikwenda. Lakini ulizunguka nyuma. Pancha alikuona kwa mbali, akadhani unakata njia. Alikuona unatupa jicho kwenye swichi mara moja tu, kama mtu anayehakikisha mlango wake umefungwa, kisha akageukia kazi yake. Uliliona jekundu lako linaning'inia. Ukainama, ukaingia kuisikiliza beringi ya mwisho. Macho yalikwambia umefunga. Kwa miaka yote yalikuwa yakikwambia hivyo, na hayakuwahi kukudanganya. Ila siku hiyo ufunguo haukuwa mfukoni mwako.

Mdogo wako akamaliza, akatoka. Akapaza sauti kama ulivyomfundisha: "Naondoa! Naondoa! Naondoa!" Mashine za jirani zilikuwa zinaunguruma. Akasubiri jibu. Halikuja. Akaondoa kufuli, akawasha.

Hapo tutaruka. Waliokuwepo wanajua, na wasiokuwepo washukuru.

Msibani, baba yako mdogo alisimama akasema, "Sikio la kufa halisikii dawa." Mama yako akamwambia, "Kaa chini, shemeji. Aliyekufa tumeshamzika, sasa usianze kutuzika sisi kwa mdomo." Wakaja wakaguzi wa ajali, watu wa makoti, wakauliza, wakapima, wakasema binti hakukosea hatua hata moja. Ni maneno mazuri. Lakini huwezi kuyalalia yakakupa usingizi.

Mdogo wako akarudi kwa mama yako na hakugusa chombo tena. Bomba la uani likaanza kuvuja, akatega ndoo. Ndoo ikijaa, anamwaga, anatega tena. Fundi wa daraja la tatu!

Ndipo mama yako, mwenye akili zake, akaanza kuharibu vitu. Akalegeza bawaba za kabati. Akaichomoa pasi waya wa ndani. Cherehani akaitia uzi kinyume, akaketi akiguna. Kumi na Tatu anapita tu, kama mgeni asiyetaka kusumbua. Mwisho mama yako akalegeza mguu wa kiti, akasahau, akakikalia mwenyewe. Alikwenda chini na sahani ya wali mkononi. Binti akamwinua, akampangusa wali kichwani punje kwa punje, akakisukumia kiti pembeni.

"Mama, usinitegee," akasema. "Mikono hii ilishawasha."

Mama yako akainama kuokota wali uliobaki sakafuni.

Wakaja watia grisi wako, Pancha mbele, wakasimama uani wakiizunguka ile ndoo. Pancha akasema, "Dada, mtihani unakaribia na Jumamosi hatuna mwalimu. Mota iko juu ya meza, ina vumbi. Wapya wanapewa kopo na brashi, basi, hakuna anayewaambia kuna ngazi."

"Mtafuteni ambaye hajamuua mwalimu wake."

Pancha akaitoa ile kalamu sikioni, akaigeuzageuza, akasema, "Hatujaja utufundishe kuwasha, dada. Tufundishe kufunga."

Kumi na Tatu akaichukua ndoo, akaimwaga. Aliingia ndani. Lakini Jumamosi iliyofuata alivaa viatu vyake vya kazi, akachukua kitu kabatini akakifunga kwenye leso. Mama yako alimfuata mpaka nyuma ya stoo akijifanya amekwenda kutafuta biskuti zilizovunjika za bei nafuu.

Kumi na Tatu akaifungua leso, akaweka kufuli jekundu mezani kando ya mota. Akawaeleza yote, toka makofi mpaka swichi, bila kukuficha wala kujificha. Akasema, "Kaka alinipa kwa upendo. Mimi nikapokea kwa furaha. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyefikiria macho yake." Kisha akaomba nyundo.

Kufuli hilo lilikuwa gumu, mwanetu. Nyundo ikateleza ikachubua meza. Pancha akataka kumsaidia, akamwondoa kwa kiwiko. Lilipopasuka, kipande chenye rangi kikaruka mpaka miguuni kwa mzee wa stoo, na mzee akageukia ukuta.

Siku hizi ndiyo desturi ya karakana. Fundi akipanda cheo, kufuli lake linavunjwa mbele ya wote kabla hajavishwa koti. Pancha anasema itakuwa vigumu kumpandisha yeye, maana lake amelipenda. Wapya wanacheka. Halafu wanaangalia ile meza iliyochubuka, wanapapasa funguo zao mfukoni.

Usidhani mambo yametengenea. Mdogo wako hajaingia tena chini ya mashine. Jumamosi anafundisha, siku nyingine anakaa mlangoni. Mtihani wa daraja la pili ni mwezi ujao. Hajasema ataufanya, hajasema hataufanya. Juzi tuliamka bomba la uani halivuji, na ndoo imefudikizwa kando ya ukuta. Hakuna aliyeuliza.

Mkeo hakumlaumu mdogo wako kwa mdomo hata siku moja. Ila huyu akiingia, mkeo anakumbuka kitu jikoni. Wanao wanampenda shangazi yao, kisha wanakumbuka, kisha wanampenda tena; watoto hawana pa kuuweka mzigo kama huo. Na baba yako mdogo alishika kalamu ya tangazo hili, akasema jina la binti lisiandikwe, watu watatuonaje. Mama yako akamnyang'anya kalamu. "Shemeji, hawa wote wawili nimewabeba mimi, wewe ulibeba nini? Anayeliandika ni mimi."

Mkeo hakubishana. Aliomba jambo moja tu, kwa sauti ya chini: jina lake lisikae jirani na la mdogo wako. Ni haki yake. Mama yako amekaa katikati yao, kama alivyokuwa akikaa katikati yenu mkigombea shuka la kujifunika, na kama ilivyokuwa siku zile, yeye ndiye anayepigwa na baridi pande zote mbili.

Wanaokukumbuka:

Baba yako mdogo, kwa shingo upande.
Wanao wawili.
Mkeo.
Mama yako.
Mdogo wako, Kumi na Tatu. Fundi.

Tutakukumbuka siku zote, Sikio, wewe na doa lako.